Manowari za Daraja la Sihami

Ukiuliza katika yadi za kuundia bodi za malori, kule ng'ambo ya reli mjini Eldoret, ni nani anayeandika jina la gari likasomeka hata baada ya matope ya msimu mzima, utaelekezwa kwa Musimbi. Utamkuta amepiga magoti juu ya gunia mbele ya bampa, brashi moja mkononi na nyingine ameibana kwa meno, na hatakujibu hadi herufi aliyoianza iishe. Wenzake humwita Mama Joy, kwa jina la bintiye anayesomea uuguzi Kakamega. Ni mwanamke mrefu wa miaka arobaini na kidogo, mwenye mikono ambayo rangi imeingia katika kila mkunjo, na hajawahi kuharakishwa na mtu akaharakishika.

Kazi ya majina ina sheria moja: mwenye lori ndiye anayechagua. Fundi ni wa kupaka. Musimbi ameandika Subira juu ya lori la mtu aliyempigia honi akiwa bado anaandika. Ameandika Upendo kwa ndugu wawili waliokuwa wakigombania lori lenyewe huku rangi haijakauka. Siku moja mkulima wa Kapseret alileta lori la maziwa, akataka liitwe Simba wa Yuda, na Musimbi, kwa nia njema kabisa, akasema kwamba lori la maziwa lingependeza zaidi kwa jina la ng'ombe. Yule mkulima alimtazama, kisha akamtazama Wanyonyi, fundi wa kuchomelea, kana kwamba brashi ndiyo iliyosema. "Mama," akamwambia, "wewe paka."

Alipaka. Lakini tangu siku hiyo alijua kwamba atahitaji vyombo vyake mwenyewe, atakavyovipa majina anayotaka yeye, na kwamba vyombo hivyo havingekuwa malori.

Vilikuwa manowari.

Usicheke mapema. Baba yake Musimbi alifagia bandarini Mombasa kwa miaka mingi, na mwaka aliostaafu alirudi kwao Vihiga na sanduku la nguo, redio, na kalenda yenye picha za meli za kivita, meli moja kwa kila mwezi. Mwaka wa kalenda ile ulikwisha, ukaja mwingine, ukaja wa tatu, na hakuna aliyethubutu kuitoa ukutani. Meli ya mwezi wa Agosti ilikuwa nyembamba, imeinama mbele kama mtu anayepanda mlima. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza kigumu, na baba yake alimfasiria kwa namna yake: hii ni kruza nyepesi, mwanangu, manowari ya mbio, silaha zake za kutosha tu, inajengwa na nchi isiyoweza kumudu kubwa zaidi.

Mtoto Musimbi aliipenda nchi hiyo kabla ya kuijua. Na kwa kuwa kalenda haikutaja jina lake, alilitunga. Akaiita Vukara. Vukara ni kisiwa, kina milima miwili na mji mmoja mkubwa, na watu wake ni wabishi. Ng'ambo ya bahari kuna Dola ya Gharamu, kubwa, tajiri, yenye manowari nzito kama milima, na kila baada ya miaka michache Gharamu hutuma mjumbe kuwaambia Wavukara wahame. Wavukara hawahami. Hiyo ndiyo historia yao yote kwa ufupi, na Musimbi aliibeba kichwani kutoka darasani hadi ndoani, na kutoka ndoani alipotoka, hadi Eldoret.

Bahari yenyewe hajaiona hadi leo.

Sasa, yadi aliyoajiriwa ilikuwa ya Mzee Ali, Msomali aliyetoka Wajir ujana wake na lori moja bovu, akalitengeneza mwenyewe hadi akagundua kwamba kutengeneza kuna faida kuliko kusafirisha. Mzee Ali alikuwa mkali wa kazi, ila kulikuwa na jambo moja asilolitaka: kumpekua mtu mzima mfuko wake langoni jioni. Aliliona ni aibu kwa anayepekua kuliko anayepekuliwa. Kwa hiyo zamani sana, kabla hata ya Wanyonyi kufika, alilaza mkono wake juu ya meza ya chuma ya kukatia bati, kiwiko kwenye ukingo, vidole vimenyooka, akaagiza mtu akwaruze alama pale ncha ya kidole cha kati ilipofika. Kipande cha bati kinachofika alama ni cha yadi. Kisichofika ni cha aliyekikata, akipeleke anakotaka, asiulizwe.

Kipimo hicho kiliitwa mkono wa Mzee. Kutokana nacho mafundi walitengeneza majiko, vizoleo vya taka, vyombo vya kulishia kuku. Hakuna aliyewahi kuleta ugomvi. Na Musimbi, ambaye siku zake za mwanzo alikuwa mkata bati kabla haijagunduliwa kwamba ana mwandiko, alitengeneza jeshi la majini.

Alitengeneza saa za chakula, nyuma ya kontena kuukuu lililoegeshwa mwisho wa yadi. Vipande vyake vilipopungua, alibadilishana na Wanyonyi: mimi nikuandikie geti lako, wewe nipe makombo yako ya wiki hii. Alivipiga vipande vikapinda, akaviunganisha kwa riveti, akafunika maungio kwa puti ileile ya kuzibia mabonde ya magari, akasugua kwa msasa hadi bati likawa laini kama kombe la chai. Kila meli ikawa na urefu wa mlango. Hakuweza kujenga manowari nzito, maana nzito hutaka bati refu. Kwa hiyo alijenga kruza nyepesi, na historia ya Vukara ikabidi ieleze kwa nini. Ndipo ulipotiwa saini Mkataba wa Mkono: Gharamu, baada ya vita fulani, iliwakataza Wavukara kumiliki kipande chochote cha chuma kinachozidi mkono wa mtu, ili wasiweze kuunda meli tena daima. Wavukara walitia saini, wakarudi nyumbani, wakaanza kuunganisha vipande vifupi.

Ya kwanza iliitwa Sihami, na kwa jina lake daraja zima likaitwa Daraja la Sihami. Zikafuata Siombi, Sichoki, Sinyamazi, Sikubali na Sitoroki. Majina yaliandikwa mbele na nyuma, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, kama ilivyo desturi ya barabara kuu.

Na hapo ndipo Lenny alipocheka hadi akakaa chini. Lenny ni karani wa yadi, kijana mwenye diploma na simu nzuri, na hana ubaya. Alimwonyesha Musimbi picha za kruza za kweli, moja baada ya nyingine. Hakuna iliyokuwa na madigadi ya mpira, vile vikinga matope vya magurudumu, nyuma ya rafadha. Hakuna iliyobandikwa ile mistari myekundu na ya njano ambayo polisi wa barabarani huitafuta nyuma ya kila lori. Musimbi alikuwa amezitia zote sita, kwa kuwa katika maisha yake yote ya kazi hajaona chombo kikitoka yadi bila madigadi na mistari.

Aliitazama simu kwa muda mrefu. Uso ulimpata joto, hilo hakulificha.

"Hizi za nani?" akauliza.

"Za Waingereza hizi. Hii ya Wafaransa."

"Basi hao wana sheria zao. Vukara, meli isiyo na mistari hailali bandarini, inashikwa."

Lenny alisema, sawa, Mama Joy, na maji je, madigadi yanazuia maji yasiruke wapi? Musimbi akamjibu kwamba yanazuia yasiwarukie wanaofuata nyuma, na kama Waingereza hawajali wanaowafuata nyuma, hilo linajulikana. Yadi nzima ilicheka, na tangu siku hiyo hata Lenny, akipita nyuma ya kontena, alipiga saluti.

Mzee Ali alifariki mwaka jana. Alizikwa siku hiyohiyo kabla ya magharibi, na mafundi wote walikwenda, Waislamu kwa Wakristo, wakasimama na mikono yao ya grisi mbele yao, wasijue waiweke wapi.

Mwanawe Khalid akachukua yadi. Khalid alikuwa amesomea biashara ng'ambo na aliijua yadi ya babake kama mtu anavyoijua nyumba ya shangazi: milango anaijua, vyombo havijui. Hakuwa mtu mbaya. Alilipa kwa wakati, alileta choo kipya, akaita kila fundi kwa jina lake. Lakini aliamini kwamba yadi ilikuwa ikivuja, kwamba upole wa babake ulikuwa tundu, na kwamba kazi yake yeye ni kuliziba. Meza ya zamani ya chuma, iliyopinda katikati, aliiuza kwa chuma chakavu na kuleta mpya inayong'aa, ikawekwa kando ya lile kontena mwisho wa yadi. Hakuna aliyemwambia kitu. Mafundi walikwishakuzoea kukata kwa macho, na meza mpya kweli ilikuwa nzuri.

Alhamisi moja Khalid alipata mtu wa mbolea aliyetaka kukodi lile kontena kuukuu. Akaenda kulitazama, akazunguka nyuma, na kwa mara ya kwanza akaziona kruza sita zimepangwa juu ya mbao, turubai limezifunika nusu. Alisimama pale kitambo. Kisha akaita watu wote.

Hakufoka. Aliuliza tu bati la kiasi kile limetoka wapi. Wanyonyi akaeleza habari ya mkono wa Mzee, naye Khalid akasikiliza hadi mwisho, akauliza desturi hiyo iko wapi, nani aliiona ikiwekwa, na mbona yeye, mtoto wa mwenyewe, hajawahi kuisikia. Akasema anaelewa makombo. Jiko ni makombo. Lakini hiki, na akaigonga Sichoki kwa kifundo cha kidole, ikalia kama kengele, hiki ni bati zima. Mtu yeyote mwenye macho anaona ni bati zima, limekunjwa mara moja kutoka mbele hadi nyuma. Hataki kumwita mtu mwizi. Jumamosi Oketch wa vyuma chakavu atakuja, atabeba vyote, na habari itaishia hapo.

Hapo ndipo Musimbi alipouona mtego aliojitegea mwenyewe. Miaka yote ile alikuwa amesugua maungio hadi yakatoweka. Alikuwa amejisifu moyoni kwamba hata kucha haiwezi kuukuta mshono. Sasa uzuri wa kazi yake ndio uliokuwa ukimshtaki. Angekuwa fundi mbovu, kila mtu angeona viraka.

Alisema, "Vipande vyote havifiki alama."

"Alama gani, Mama Joy?" Khalid akauliza, kwa upole kabisa.

Musimbi aligeuka kuitazama meza, na meza iling'aa, haina hata mkwaruzo.

Ijumaa ilipita vibaya. Wanyonyi alimshauri achukue moja aifiche, hata ndani ya bodi ya lori lililokuwa likitoka. Lenny alimshauri aombe: Khalid ana moyo, akiombwa huachia, hata zote anaweza kuachia, mradi iwe ni zawadi. Huo ulikuwa ushauri mzuri, na Musimbi aliufikiria kwa dhati. Lakini kila alipoufikiria aliona tatizo lilelile. Akipewa zawadi zitakuwa bati la Khalid alilopewa kwa huruma. Na watu wote watabaki wakijua kwamba jeshi la Vukara lilijengwa kwa bati la wizi, likasamehewa. Isitoshe, mojawapo ya meli hizo inaitwa Siombi. Angelisoma vipi tena jina hilo?

Jumamosi Oketch alifika na pikapu yake mapema, akakuta Khalid amesimama nyuma ya kontena pamoja na yule mtu wa mbolea. Mafundi wakaacha kazi, mmoja mmoja, kila mtu akijifanya anakwenda kuchukua kitu upande ule. Oketch alizitazama meli, akaondoa kofia, akasema hajawahi kununua serikali nzima kwa kilo. Hakuna aliyecheka sana.

Akainama kuishika Sihami, na Musimbi akaweka mguu juu ya mbao.

"Hiyo ngoja," akasema. "Hiyo naifungua."

Alikuwa amebeba tindo na nyundo. Alipiga magoti, kama anavyopiga kuandika jina, akaweka tindo ubavuni mwa Sihami pale ambapo yeye peke yake alijua mshono ulipo, akapiga. Puti ikapasuka. Rangi ikakatika, ile ya kijivu aliyoichanganya kwa wiki nzima ili ifanane na picha ya Agosti. Alipiga tena, riveti zikaruka, kipande cha kwanza kikadondoka, kikubwa kama sahani. Akakiweka chini mbele ya viatu vya Khalid. Akaendelea.

Mtu akibomoa kitu chake mwenyewe hufanya haraka, kwa hasira, ili kiishe. Musimbi hakufanya haraka. Alikifungua kila kipande kwa mpangilio aliokiunga nao, kuanzia nyuma kwenda mbele: mistari myekundu na ya njano, madigadi, sitaha, mizinga, daraja la nahodha. Jasho lilimshuka puani. Wanyonyi aliposogea kumsaidia, alimwonyesha kiganja, naye akarudi nyuma. Vipande vilienea juu ya vumbi hadi pale ilipokuwa meli hapakuwa na chochote ila jina, nusu kwenye kipande kimoja na nusu kwenye kingine.

"Pima," akamwambia Khalid.

Ukweli ni kwamba Khalid alishangaa, na mtu aliyeshangaa mbele ya wafanyakazi wake hujitafutia pa kushika. Aliinama, akachagua kipande kirefu kuliko vyote, kile cha uti wa chini, akakilaza juu ya meza mpya, akalaza mkono wake kando yake. Kipande kilizidi vidole vyake.

"Hiki kimefika," akasema. "Kimepita."

Musimbi alikijua kipande kile, alikikata mwenyewe, akakipima kwenye alama yenyewe, alama ikiwa bado ipo. Lakini alama ilikuwa imeondoka na meza, na meza imekwenda kuyeyushwa.

"Huo ni mkono wako," akasema.

"Ni mkono wa mwenye yadi."

"Ni mkono wako, Khalid. Kipimo hakikurithiwa."

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina kavu. Khalid aliinua uso, na pengine angesema neno ambalo lisingeweza kurudi, ila Wanyonyi alikwisha kuvua koti. Alikunja mkono wa shati hadi juu ya kiwiko, akalaza mkono wake mnene juu ya meza, akaweka kidole cha mkono wa pili mbele ya ukucha wa kidole cha kati.

"Mimi Mzee alikuwa ananizidi kucha moja," akasema. "Nimekata hapa tangu sijaoa. Alama ilikuwa inaanza pale kucha yangu inapoishia, na kucha nyingine mbele."

Fundi wa breki akaja nyuma yake, mtu mfupi, akaulaza wake. Mzee alikuwa anampita upana wa vidole vitatu, akasema, akaviweka hivyo vidole vitatu. Vikaishia palepale. Akaja mwingine, aliyekuwa na mkono mrefu kuliko wa Mzee, akaonyesha kovu dogo kwenye kiungo cha kidole chake ambapo alama ilikuwa ikifika. Palepale. Hawakupangana. Kila mmoja wao, siku yake ya kwanza ya kazi, alikuwa amelaza mkono wake juu ya ile alama kujua amezidiwa au amezidi kiasi gani, ili siku nyingine asihitaji kwenda mezani. Meza ilikuwa imeuzwa, lakini kipimo kilikuwa kikitembea yadini kila siku ndani ya mikono ya mashati.

Kipande cha uti kilikuwa kifupi kuliko kucha ya pili ya Wanyonyi. Kwa upana wa riveti, lakini kifupi.

"Boss," Wanyonyi akasema taratibu, akikunjua shati, "mkono wako haukuwa umeajiriwa wakati huo."

Mtu mmoja alicheka, akakohoa kuficha. Khalid aliviangalia vipande. Alikuwa na akili, na alikuwa mtoto wa babake, na inawezekana kwamba katika dakika ile aliukumbuka urefu wa mkono ule kwa njia yake mwenyewe, kwani kila mtoto anaujua. Lakini hakuwa tayari kuachia.

"Hii moja," akasema. "Zile tano?"

Musimbi alishika tindo kwa upande wa makali, akamnyooshea mpini.

"Fungua mwenyewe. Chagua unayotaka. Ukipata kipande kimoja kinachofika, Oketch abebe zote, na mimi nibebe brashi zangu niende. Usipopata, usiniulize tena."

Khalid alichukua tindo. Akaiendea Sinyamazi, akatafuta mshono, asiuone, akapiga mahali popote. Tindo liliteleza, likachana rangi mstari mrefu mbaya kutoka kwa jina hadi nyuma. Musimbi hakusogea, ingawa Lenny anaapa kwamba alimsikia akivuta pumzi. Khalid alipiga mara ya pili, puti ikabanduka, na chini yake kukaonekana ncha mbili za bati zimekumbatiana, fupi, na karibu yake mshono mwingine, na mwingine. Alisimama akiwa ameinama hivyo. Kisha Oketch, ambaye pikapu yake ilikuwa imezuia lori lililotaka kutoka, akauliza kwa sauti ya mtu wa biashara kama apakie ama asipakie.

"Nenda," Khalid akamwambia. Akaweka tindo mezani. Bila kumtazama Musimbi akasema kontena linahitajika leo, kwa hiyo vitu vyake viondoke leo, vyote, yadi si bandari.

"Vitaondoka," akasema Musimbi.

Viliondoka kwa mkokoteni wa kukodi, kruza tano zimelala ubavu kwa ubavu, na ya sita ndani ya gunia. Mafundi wawili walisukuma nyuma bila kuulizwa. Walikatisha mji mchana kweupe, Jumamosi, watu wamejaa madukani, na kila walipopita watu walisimama. Bodaboda mmoja alitaka kujua hizo ni ndege za wapi. Mama mmoja muuza ndizi aliyasoma majina moja baada ya jingine kwa sauti, Siombi, Sichoki, Sinyamazi, Sikubali, Sitoroki, akaweka mkono kiunoni, akauliza ni nani huyo aliyeudhiwa hivyo. Kwenye barabara kuu askari wa trafiki aliwasimamisha, akazunguka nyuma ya mkokoteni, akaikagua ile mistari myekundu na ya njano kwa makini, akawapungia wapite. Musimbi alimgeukia Lenny, ambaye alikuwa amefuata kwa udadisi tu, akamwonyesha ile mistari kwa kidole.

Chumba chake cha mtaani Langas hakikuwatosha yeye, kitanda na jeshi la majini. Kitanda kilikwenda kwa jirani. Mama mwenye nyumba, Virginia, alisimama mlangoni akatikisa kichwa, akasema anakodisha kwa binadamu, naye Musimbi akamwambia kwamba hizi hazitumii maji wala stima ya kuwasha taa. Mama Virginia alilitafakari jambo hilo kwa upande wa maji, akaona ni kweli.

Jumatatu alikwenda kazini kama kawaida. Lori la kwanza lilitakiwa liitwe Neema, akaandika Neema, herufi zikasimama wima kama askari. Saa ya chakula ilipofika hakwenda nyuma ya kontena, maana kontena lilijaa mbolea. Alivuta kibao katikati ya yadi, mbele ya ofisi, akamwaga gunia, akaanza kuijenga Sihami upya. Alipinda, akaunga, akapiga riveti. Wanyonyi alimletea mkebe wa puti, ukiwa umefunguliwa tayari, akauweka karibu na mguu wake.

Musimbi aliurudisha.

"Hii haipakwi puti," akasema.

Akaendelea kupiga, na kila mshono ukabaki wazi, na riveti zikang'aa juani safu kwa safu, kiasi kwamba mtu aliyesimama hata kwenye dirisha la ofisi angeweza kuona kila kipande kinapoanzia na kinapoishia. Khalid alikuwa amesimama kwenye dirisha la ofisi. Alikaa hapo muda mrefu kiasi, kikombe mkononi, kisha akatoka, akapita kando ya kibao akielekea langoni, na alipofika usawa wa meli alipunguza mwendo. Musimbi hakuinua kichwa. Alikuwa na riveti midomoni na kazi mkononi, na kipande chenye herufi ya kwanza ya jina kilikuwa kinasubiri.